SOMO LA UFAHAMU NA UFUPISHO: Vifaa vya Kumshika Mwanapunda kwa Usalama

MALENGO YA SOMO

Mwisho wa somo hili uweze:
(a) kusoma habari ya kitaalamu na kutofautisha hoja kuu na maelezo yake;
(b) kueleza maana ya maneno kwa kutumia muktadha, na kuonyesha namna yalivyoundwa;
(c) kufupisha aya kwa idadi ya maneno uliyopewa;
(d) kutumia hoja za habari kuandika insha.

KABLA YA KUSOMA

Kosa linalojirudia katika ufahamu ni kujibu kwa yale unayoyajua badala ya yale yaliyoandikwa. Habari ifuatayo inahusu punda, mnyama ambaye baadhi yenu mmekuwa mkimswaga kwenda kisimani tangu shule ya msingi. Hapo ndipo penye mtego. Utakutana na maelezo yanayopingana na mazoea ya nyumbani, na mtahini atataka jibu la kwenye habari. Soma mara ya kwanza bila kalamu ili upate picha nzima. Mara ya pili pigia mstari sentensi moja yenye hoja kuu katika kila aya. Aya zimepewa namba ili kurahisisha rejea.

HABARI

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

1. Mjini Babati na katika vijiji vinavyouzunguka, punda ni gari la mwenye kipato kidogo. Hubeba madumu ya maji, kuni, na magunia ya mahindi kutoka shambani hadi mashineni. Siku za mnada huonekana njiani akiwa na mzigo mgongoni au akikokota mkokoteni. Farasi, ambaye ni ndugu yake, ni adimu. Sababu moja ni mbung'o, ambao hueneza nagana, yaani malale ya wanyama. Nyingine ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi, ambao huua farasi wengi. Punda huyastahimili maradhi hayo zaidi ya farasi. Hata hivyo, vifaa vinavyotumika kumshika mtoto wa farasi katika shamba kubwa la mifugo ndivyo hivyo hivyo anavyohitaji mtoto wa punda katika boma la mkulima wa Dareda au Galapo.

2. Punda hubeba mimba kwa takribani miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Mwanapunda husimama muda mfupi baada ya kuzaliwa na huendelea kunyonya kwa miezi 6 au zaidi. Mifupa yake haijakomaa kwa kazi nzito mpaka afikishe umri wa miaka 4 hivi. Wapo wafugaji wanaomtwisha mzigo akiwa na miaka miwili, naye huharibika mgongo na miguu mapema. Miaka hiyo ya kusubiri si ya bure. Ni miaka ya shule. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na zaidi, kwa hiyo woga aliofundishwa utotoni anaweza kuishi nao kwa muda mrefu kuliko umri wa mtahiniwa anayesoma habari hii.

3. Hatari za punda zinaeleweka ukijua namna anavyoona na anavyoogopa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Huona mbali kulia na kushoto, lakini haoni kilicho nyuma kabisa ya mkia wala kilicho chini ya pua yake. Anayemjia kutoka nyuma kimyakimya hujikuta amepigwa teke na mnyama ambaye hakumwona. Tena, farasi akiogopa hukimbia, ilhali punda mara nyingi husimama tuli kwanza ili apime hatari. Watu huita kusimama huko ukaidi, nao huchukua fimbo. Fimbo humwongezea hofu, na hofu huzaa teke. Methali isemayo shukrani ya punda ni mateke ilitungwa ili kumsema binadamu asiye na fadhila. Mfugaji akiichukua kama kanuni ya ufugaji, atakuwa amekosea.

4. Kifaa cha kwanza si kamba bali ni mahali. Mwanapunda afundishwe katika zizi dogo lenye uzio wa mbao au nguzo za mviringo, unaofika angalau kimo cha kifua cha mtu mzima. Seng'enge haifai, kwa kuwa mnyama anayehangaika huchanika ngozi na macho. Misumari iliyochomoza igongwe au ing'olewe. Zizi liwe na lango la mnyama, na pembeni liwe na mwanya ambao mtu anaweza kupenya kwa ubavu lakini punda hawezi. Mwanya huo hauongezi gharama yoyote, nao unaweza kumwokoa mshikaji aliyebanwa kwenye kona. Mama yake mwanapunda awe karibu ili mtoto amwone. Anayetenganishwa naye ghafla hupapatika na kusahau kila alichofundishwa.

5. Kifaa cha pili ni hatamu. Hatamu nzuri hutengenezwa kwa mkanda mpana na laini wa pamba, ngozi au nailoni, wenye upana unaokaribia vidole viwili. Kamba nyembamba ya katani hukata ngozi. Sehemu inayozunguka pua ikae chini kidogo ya mfupa wa shavu, isishuke mpaka penye nyama laini karibu na mianzi ya pua, maana hapo huzuia pumzi. Vidole viwili viweze kupita kati ya hatamu na ngozi. Mwanapunda hukua upesi, kwa hiyo hatamu ikaguliwe na kulegezwa kila wiki. Avuliwe anapokwenda malishoni, kwani inaweza kunasa kwenye tawi la mgunga, au ukwato wa nyuma ukaingia ndani yake anapojikuna. Kamba yenye kitanzi kinachokaza isifungwe shingoni hata kidogo, kwani humnyonga mnyama anapoivuta. Lijamu la chuma nalo si la mdomo wa mtoto.

6. Kifaa cha tatu ni kamba ya kuongozea. Iwe na urefu wa mita 3 hivi na unene wa kidole gumba. Kamba ya pamba hushikika vizuri, lakini nailoni nyembamba huunguza viganja inapochomoka kwa kasi. Kanuni iliyo juu ya nyingine zote ni hii: usiizungushe kamba mkononi, kwenye kifundo cha mkono wala kiunoni. Mtoto anayejifunga kamba kiunoni ili apate mikono ya kubebea ndoo hana namna ya kujinasua punda akitimua mbio. Kamba inayobaki ikunjwe kwa mikunjo mirefu na kushikwa katikati, ili ukifungua kiganja iteleze yote. Simama usawa wa bega la kushoto la mnyama, umbali wa urefu wa mkono. Vuta kidogo, na mara akipiga hatua moja, legeza. Kulegeza huko ndiko kumwambia kwamba amefanya vyema. Mwanapunda aliye mdogo sana asivutwe kichwa kwa nguvu, maana anaweza kujirusha nyuma na kuangukia kisogo. Msaidie kwa kamba ya pili inayopita nyuma ya mapaja, ili asukumwe polepole kutoka nyuma.

7. Kumfunga mnyama kuna kanuni zake. Afungwe kwenye nguzo iliyochimbiwa imara, si kwenye ubao wa uzio unaoweza kung'oka wala kwenye gurudumu la mkokoteni. Kamba ifungwe usawa wa mabega yake au juu zaidi, na urefu wake usizidi urefu wa mkono, ili asiikanyage. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja wa ncha iliyoachwa huru. Kati ya nguzo na kamba wekwa kitanzi chembamba cha uzi wa katani. Mnyama akivuta kwa nguvu zake zote, uzi huo hukatika kabla ya shingo kuumia. Mwanapunda aliyefungwa asiachwe peke yake.

8. Mshikaji naye avae ipasavyo. Buti au viatu vilivyofunika vidole huzuia majeraha ya kukanyagwa. Kandambili hazizuii kitu. Glavu za ngozi hulinda viganja. Kofia ngumu, ikipatikana, hulinda kichwa wakati wa kushughulikia miguu ya nyuma. Shuka au kanga inayopeperuka ifungwe vizuri, kwa sababu humshtua mnyama na inaweza kunasa. Kisu kikali kiwe karibu kwa ajili ya kukata kamba wakati wa dharura. Kazi hii ifanywe na watu wawili, mmoja akiwa mtu mzima mwenye uzoefu.

9. Vijiji vingi vya wafugaji vina kibanio cha ng'ombe kwa ajili ya chanjo na matibabu. Kibanio hicho ni kipana mno kwa mwanapunda. Humo anaweza kugeuka, au akapenyeza mguu kati ya nguzo na kuuvunja. Njia iliyo salama ni watu wawili kumweka kando ya ukuta, mkono mmoja ukiwa mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, huku mtaalamu wa mifugo akitoa sindano. Kumshika punda masikio na kuyasokota humuumiza, na baadaye hukataa kuguswa kichwa, hata kuvishwa hatamu. Jambo moja halina kifaa cha kulizuia isipokuwa umbali. Punda anayeanza ghafla kuuma, kutokwa na mate na kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usitie mkono mdomoni mwake ukidhani amekwamwa na kitu. Mwite afisa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

10. Kijana punda akikomaa, hufundishwa mzigo kwa hatua. Kwanza huwekewa gunia tupu mgongoni, kisha soji yenye mzigo mwepesi, na uzito huongezwa taratibu. Chini ya soji huwekwa mto mnene ili mzigo uegemee pande mbili za uti wa mgongo, si juu yake. Kipimo kinachokubalika na wengi ni theluthi moja ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 150 asizidishiwe kilo 50. Kwa mkokoteni, nira ya ng'ombe haimfai. Nira hutegemea nundu, naye punda hana nundu. Yeye husukuma kwa kifua. Kwa hiyo avishwe mkanda mpana wa kifuani, na mwingine wa nyuma ya mapaja wa kuzuia mkokoteni usimgonge anaposhuka mlima.

11. Mambo haya si hisani tu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama nchini Tanzania. Hali ya punda barani Afrika nayo imebadilika. Biashara ya ngozi zao, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya asili ya Kichina, imepunguza idadi yao katika nchi kadhaa, hata wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mwezi Februari mwaka 2024, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Familia iliyompoteza punda kwa kumharibu utotoni huenda isipate mwingine kwa urahisi, na mzigo aliokuwa akiubeba hurudi kichwani mwa mama na mabinti.

12. Katika vifaa vyote vilivyotajwa, fimbo haimo. Methali ya zamani inasema punda haendi bila kigongo, lakini mwanapunda aliyefundishwa kwa hatamu nzuri na kamba inayolegezwa kwa wakati huenda. Kifaa salama hutambulika kwa mambo mawili. Humwachia mtu nafasi ya kuondoka, na humwachia mnyama nafasi ya kutulia. Kikikosa moja kati ya hayo, hata kiwe cha bei kubwa namna gani, ni mtego.

MSAMIATI NA UUNDAJI WA MANENO

Maneno ya habari hii yanafaa pia kwa mazoezi ya uundaji wa maneno. Yasome pamoja na maana zake.

Mwanapunda: mtoto wa punda. Limeundwa kwa kuambatanisha maneno mawili, mwana na punda.

Kibanio: njia nyembamba ya mbao au vyuma ya kumzuia mnyama asitembee anapotibiwa. Limeundwa kwa uambishaji kutokana na kitenzi bana, kupitia bania: ki-bani-o.

Mkokoteni: gari lisilo na injini linalovutwa na mtu au mnyama. Limetokana na kitenzi kokota.

Hatamu: mkanda au kamba inayovishwa kichwani mwa mnyama ili kumwongoza. Ni neno la mkopo kutoka Kiarabu.

Lijamu: chuma kinachowekwa mdomoni mwa mnyama wa kupandwa. Nalo limetoka Kiarabu.

Buti na glavu: maneno ya mkopo kutoka Kiingereza yaliyotoholewa kwa kufuata matamshi ya Kiswahili. Angalia jinsi kila moja lilivyopewa irabu mwishoni.

Soji: matandiko au mifuko ya kubebea mzigo mgongoni mwa punda, mmoja kila upande.

Nira: mti unaowekwa shingoni mwa ng'ombe wanaolima au kukokota.

Zingatia: punda, ng'ombe na farasi hufuata upatanisho wa A-WA kwa sababu ni viumbe hai, ingawa umbo la nomino halibadiliki katika wingi. Andika punda huyu amefungwa na punda hawa wamefungwa. Usiandike punda hii imefungwa, hata kama umelisikia hivyo mnadani.

MASWALI

1. Chagua jibu sahihi.
(i) Kwa mujibu wa aya ya 3, punda anaposimama tuli huwa
A. amechoka B. anapima hatari C. ni mkaidi D. ana njaa
(ii) Kazi ya uzi wa katani katika aya ya 7 ni
A. kumfunga mnyama kwa nguvu zaidi B. kupamba nguzo C. kukatika mapema ili shingo isiumie D. kurefusha kamba
(iii) Nira haimfai punda kwa sababu
A. ni nzito B. punda hana nundu C. ni ghali D. punda ni mfupi

2. Kwa nini mwandishi anasema kifaa cha kwanza si kamba bali ni mahali?

3. Taja sababu mbili za kumvua mwanapunda hatamu anapokwenda malishoni.

4. Mwandishi ametaja methali tatu. Eleza ni ipi anayoiunga mkono na ni zipi anazozitilia shaka kuhusu ufugaji, na kwa nini.

5. Eleza maana ya fungu hili la maneno kama lilivyotumika katika aya ya 2: miaka ya shule.

6. Fupisha aya ya 5 na ya 6 kwa maneno yasiyozidi 70.

7. Andika insha isiyo ya kisanaa yenye maneno kati ya 250 na 300 kuhusu mada hii: Woga wa mnyama ni kosa la binadamu.

MAJIBU NA MWONGOZO

1. (i) B (ii) C (iii) B. Katika (i), jibu C ni mtego. Neno ukaidi limo kwenye aya, lakini mwandishi amelitaja kama dhana ya watu, si kama ukweli. Kabla ya kuchagua, jiulize: anayesema hivi ni mwandishi, au ni watu anaowasahihisha?

2. Kwa sababu usalama wa mshikaji na wa mnyama huanzia kwenye zizi. Uzio usio na seng'enge wala misumari huzuia majeraha, mwanya wa pembeni humpa mtu njia ya kutoka, na kuwapo kwa mama humtuliza mtoto. Jibu lenye hoja moja tu halijakamilika, maana aya imetoa hoja tatu.

3. (i) Inaweza kunasa kwenye tawi la mti. (ii) Ukwato wa nyuma unaweza kuingia ndani yake anapojikuna. Ukiandika kwamba hatamu hukata ngozi, utakosa alama. Hilo limesemwa kuhusu kamba nyembamba ya katani, si kuhusu malisho.

4. Anaiunga mkono samaki mkunje angali mbichi, kwa kuwa mafunzo ya utotoni hudumu. Anazitilia shaka mbili. Ya kwanza ni shukrani ya punda ni mateke, ambayo ilitungwa kumsema binadamu, na teke lenyewe hutokana na hofu wala si kukosa shukrani. Ya pili ni punda haendi bila kigongo, kwa sababu mwanapunda aliyefundishwa vizuri huenda bila kupigwa. Ona kwamba mwandishi hakatai maana ya methali katika maisha ya watu. Anakataa kuitumia kama mwongozo wa ufugaji. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha jibu bora na jibu la kawaida.

5. Ni kipindi cha kumfundisha mwanapunda kuongozwa na kuguswa kabla hajafikia umri wa kufanya kazi nzito. Maneno haya yametumika kwa sitiari. Haimaanishi kwamba punda huenda shuleni.

6. Ufupisho wa mfano:

Hatamu ya mwanapunda iwe ya mkanda mpana na laini, iache nafasi ya vidole viwili, na ivuliwe anapokwenda malishoni ili isinase. Asifungwe kitanzi shingoni wala kutiwa lijamu. Kamba ya kuongozea iwe nene, yenye urefu wa mita tatu hivi, na isizungushwe mkononi wala kiunoni. Mshikaji asimame usawa wa bega la mnyama, avute kidogo, alegeze anapotii. Mwanapunda mdogo asukumwe kwa kamba ya nyuma badala ya kuvutwa kichwa.

Ufupisho huu una maneno 64. Angalia yaliyoachwa: mfano wa mtoto mwenye ndoo, aina za kamba zinazounguza viganja, na maelezo ya tawi na ukwato. Hayo ni mifano na sababu. Kilichobaki ni maagizo yenyewe. Ukifupisha habari ya maelekezo, tafuta vitenzi vinavyoagiza, kama vile iwe, isifungwe na simama. Humo ndimo hoja kuu hukaa. Hakikisha pia kwamba hujaongeza hoja yako mwenyewe, hata ikiwa ni ya kweli.

7. Mwongozo wa insha. Andika kichwa cha insha kwa herufi kubwa. Katika utangulizi, eleza maana ya mada na utaje msimamo wako kwa sentensi mbili au tatu. Katika kiini, toa hoja zisizopungua nne, kila moja katika aya yake. Habari imekupa hoja hizi: kumjia mnyama kutoka nyuma asikoona, kumpiga anaposimama, kumtenganisha na mama yake ghafla, kumshika masikio, na kumtwisha mzigo kabla ya umri. Kila hoja iwe na sehemu tatu, yaani kosa la binadamu, namna mnyama anavyolipokea, na kinachofaa kufanywa. Unaruhusiwa kuleta mfano kutoka mazingira yako, kwa mfano ng'ombe anayekataa kuingia kwenye josho au mbwa anayeogopa watoto. Hapa ndipo ujuzi wako wa nyumbani unapopata nafasi, tofauti na kwenye maswali ya ufahamu. Katika hitimisho, rejea msimamo wako kwa maneno mengine, wala usilete hoja mpya.

ZOEZI LA ZIADA

(a) Kutokana na vitenzi hivi, unda nomino moja kwa kila kimoja kisha itungie sentensi kuhusu ufugaji: funga, tandika, linda, beba, chunga.
(b) Andika tangazo la afisa mifugo wa kata linalowataka wafugaji kuwaleta punda wao kupata chanjo siku ya Jumamosi. Tangazo litaje mahali, muda, na vifaa viwili ambavyo kila mfugaji anapaswa kuja navyo, pamoja na sababu ya kila kimoja.
(c) Chora jedwali lenye safu tatu: kifaa, kazi yake, na hatari kikitumika vibaya. Lijaze kwa vifaa sita kutoka kwenye habari. Kisha funika habari, soma jedwali lako peke yake, na uangalie kama mtu ambaye hajaisoma anaweza kumshika mwanapunda bila kuumia wala kumuumiza. Akishindwa, rudi kwenye aya husika ujaze kilichokosekana.